Mwana wa Raia Asigeuzwe Mgeni

Tangu mapigano yalipoanza katika mji wa Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na hasa baada ya mji wa Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021, mwambao wetu huu wa Mtwara umepokea watu wengi waliovuka Mto Ruvuma wakitafuta usalama. Miongoni mwao walikuwamo Watanzania waliokuwa wakiishi ng'ambo kwa miaka mingi, na watoto wao waliozaliwa huko. Wazazi walikuwa wakirudi kwao. Watoto walikuwa wakifika mahali ambapo hawajapata kupaona. Wapo hadi leo katika vijiji vyetu, katika shule na katika madrasa tunazofundisha, na wengi wao wamepewa jina moja: "watoto wa Msumbiji".

Jina hilo hutajwa kwa mzaha, lakini athari yake si mzaha. Linamfanya mtoto ajione mgeni, na linamfanya ofisa anayelisikia amwone mgeni kabla hajamuuliza swali lolote. Ilhali kwa mujibu wa sheria ya nchi yetu, mtoto ambaye baba yake au mama yake ni raia mzaliwa wa Tanzania ni Mtanzania tangu siku aliyozaliwa, hata kama alizaliwa Palma, Pemba ya Msumbiji au mahali pengine popote duniani. Uraia huo haupewi kama sadaka. Anao tayari. Asichokuwa nacho ni ushahidi. Na ushahidi ni kitu kinachopungua kila mwaka: bibi anafariki, karatasi inaliwa na mchwa, shahidi wa ndoa anahamia mbali. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza mwezi huu.

Kwanza tuwakumbushe wasomaji kuwa kuzaliwa ng'ambo ya Ruvuma si jambo geni kwa watu wa pwani hii. Wavuvi wa Msimbati, Mikindani na Mtwara wamekuwa wakienda dago upande wa kusini tangu enzi za mababu, wakakaa miezi, wengine miaka, wakaoa na kuzaa. Wanawake wafanyabiashara wamevuka na vitenge na vyombo, na baadhi yao wameolewa huko. Baada ya gesi kugunduliwa katika bahari ya Cabo Delgado kuanzia mwaka 2010, vijana wetu walikwenda Palma kutafuta kazi. Kutoka upande wa pili, maelfu ya Wamakonde na wengineo walivuka kuja kwetu wakati wa vita vya kumng'oa Mreno, kati ya mwaka 1964 na 1974. Watu ni wamoja, lugha zinafahamiana, misikiti inajuana.

Mpaka wenyewe ni wa juzi. Ni mapatano ya Wajerumani na Wareno ya mwaka 1886 yaliyoufanya Ruvuma kuwa mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakaichukua Kionga, kusini ya mdomo wa mto. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno wakaitwaa, na mkataba wa amani wa mwaka 1919 ukaiacha mikononi mwao. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1910 alizaliwa katika koloni moja na Mikindani, na mdogo wake aliyezaliwa nyumba ile ile mwaka 1920 akazaliwa Msumbiji. Hakuna aliyehama. Kilichohama ni mpaka. Historia hii inatosha kutuonyesha kuwa mahali alipozaliwa mtu, peke yake, ni shahidi dhaifu wa utaifa wake. Shahidi mwenye nguvu zaidi ni wazazi wake.

Sheria yetu inalikubali hilo, ingawa haikulikubali kwa ukamilifu tangu mwanzo. Chini ya sheria za wakati wa uhuru wa mwaka 1961, aliyezaliwa nje ya nchi aliupata uraia kwa kupitia baba. Mwanamke wa Kitanzania aliyezaa nje na mgeni hakuweza kumrithisha mwanawe uraia kama mwanamume alivyoweza. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, yaani Sura ya 357, ikalibadilisha jambo hilo: inasema baba au mama. Mtoto wa aina hii huitwa raia wa kurithi.

Wapo wanaosita kuhusu sehemu ya mama, wakidhani kuwa inapingana na nasaba, ambayo katika sheria ya Kiislamu hufuata upande wa baba. Hapa ni vyema kutofautisha mambo mawili. Nasaba ni ukoo wa mtu, nayo ina hukumu zake katika mirathi, ndoa na malezi. Uraia, ambao Waarabu huuita jinsiya, ni mafungamano ya mtu na dola, yaliyowekwa kwa ajili ya maslaha ya watu katika dunia yao. Kumpa mtoto uraia wa mama yake hakumvui nasaba ya baba yake. Nchi za Kiislamu zenyewe zimeliona hilo: Misri ilirekebisha sheria yake mwaka 2004, Aljeria mwaka 2005 na Moroko mwaka 2007, zote zikampa mama haki ya kumrithisha mwanawe uraia. Na kwetu kusini, ambako Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa mama, ni ajabu kumsikia mtu akisema kuwa mtoto wa binti yetu si wetu.

Hata hivyo sheria hiyo ina mipaka miwili, na wengi huijua wakati wameshachelewa.

Mpaka wa kwanza ni wa kizazi. Uraia wa kurithi hushuka ngazi moja tu. Raia mzaliwa wa Mtwara akizaa Palma, mtoto ni raia. Lakini mtoto huyo akikua, akaoa huko huko na akazaa huko huko, mjukuu haupati uraia kupitia kwake, kwa sababu yeye mwenyewe ni raia wa kurithi. Mjukuu ataupata ikiwa mzazi wake wa pili ni raia asiyekuwa wa kurithi, la sivyo hana. Sheria imeacha mlango mmoja: Waziri anaweza kumpa uraia wa tajnisi mtoto mdogo wa raia, akiombwa na mzazi au mlezi. Lakini mlango huo ni wa maombi, na maombi huweza kukataliwa. Familia zilizokaa dago vizazi viwili zitafakari jambo hili kabla halijawafika. Mama mwenye mimba, akiweza, arudi kujifungulia nyumbani na mtoto aandikishwe hapa.

Mpaka wa pili ni wa umri. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto wa mama wa Kitanzania na baba wa Msumbiji anaweza kuwa na haki pande zote mbili akiwa mdogo, lakini akitimiza miaka 18 sheria inamtaka aukane uraia ule mwingine na kula kiapo cha utii, na asipofanya hivyo katika muda uliowekwa anaupoteza uraia wa Tanzania. Jambo zito kama hili linampitia kijana wa kijijini bila ya kuwa na habari nalo. Anautimiza mwaka wa 18 akiwa baharini au shambani, hakuna aliyemweleza, na siku atakapokwenda kutafuta kitambulisho ataambiwa kuwa muda umepita.

Sasa tutazame mambo yanavyokwenda kwa vitendo. Tuchukue mfano wa kijana ambaye mama yake ni mzaliwa wa Msimbati na baba yake ni Mmwani wa Palma. Ndoa ilifungwa msikitini huko, mbele ya mashahidi, bila karatasi. Mtoto alizaliwa nyumbani kwa mkunga. Mwaka 2021 baba hakuonekana tena, na mama akavuka mto na mtoto mgongoni. Kijana huyu ataingia darasa la kwanza bila taabu kubwa. Taabu itaanza baadaye. Namba ya NIDA ndiyo ufunguo wa laini ya simu, wa pasipoti na wa huduma nyingine nyingi. Ili aipate, ataulizwa cheti cha kuzaliwa, na vitambulisho vya wazazi wake. Akifaulu kidato cha sita na kuomba mkopo wa elimu ya juu, ambao ni wa raia tu, atatakiwa kuonyesha cheti kilichohakikiwa na RITA. Mpango wa kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka 5, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kuenezwa katika mikoa mingine, ni wa heri, lakini umewekwa kwa ajili ya waliozaliwa ndani ya nchi. Aliyezaliwa nje anatakiwa kuleta hati ya nchi aliyozaliwa. Ataileta kutoka wapi? Mocímboa ilikuwa mikononi mwa wapiganaji kwa muda wa mwaka mzima, kuanzia Agosti 2020, na ofisi za serikali huko ziliharibiwa. Ubalozi wetu uko Maputo, safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Palma.

Kwa hiyo kijana huyu ana haki kamili katika kitabu cha sheria, na hana hata karatasi moja ya kuidai. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, mtoto je?

Dini yetu imetuamuru kuandika deni, dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Inashangaza kuona wanaume wanaoandika deni la nyavu na la mafuta ya mashine, kisha wanaoa ng'ambo bila ya kuandika chochote, wanazaa bila ya kuandika chochote, na msimu wa samaki ukiisha wanarudi nyumbani kimya, wakiwa wamemwacha mtoto hana jina la baba katika daftari lolote la dunia. Huku nyumbani mke wa kwanza hajui, ndugu hawajui. Baba huyo akifa, amekufa shahidi wa pekee wa uraia wa mwanawe. Hii ni dhulma, wala isipambwe kwa kuitwa desturi ya mabaharia. Kuhifadhi nasaba ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sheria ya Mwenyezi Mungu, na katika zama hizi nasaba haihifadhiwi kwa ulimi peke yake.

Wanaofungisha ndoa nao wana sehemu yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu na inataka isajiliwe. Imamu anayefungisha ndoa ya binti wa Mtwara na mtu wa ng'ambo, au kinyume chake, kisha akala wali na kuondoka bila ya kuandika majina, mahali walipozaliwa wawili hao na tarehe, amefanya nusu ya kazi. Mbele ya ofisa, cheti cha ndoa ndicho kinachomuunganisha mtoto na baba.

Baada ya kusema hayo kwa watu wetu, tuna la kusema kwa wenye mamlaka.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa kila mtoto haki ya kusajiliwa mara tu anapozaliwa na haki ya kupata utaifa. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 imeyarudia hayo. Haki hizi hazitimizwi kwa kumwambia mama mjane aliyekimbia risasi kwamba arudi alikokimbia akalete hati. Zinatimizwa kwa kupokea ushahidi uliopo: kadi ya kliniki, maandishi ya msikiti, barua ya mtendaji wa kijiji cha mzazi aliye raia, kiapo cha babu, bibi na wajomba wanaomjua mama huyo tangu alipozaliwa.

Kuhusu nani anapaswa kuthibitisha, wanazuoni wa fiqhi wana kanuni mbili zinazojulikana kwa kila mwanafunzi: kwamba anayedai ndiye mwenye jukumu la kuleta ushahidi, na kwamba lenye yakini haliondolewi kwa shaka. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilifikia mahali pa karibu na hapo katika hukumu yake ya tarehe 22 Machi 2018. Kesi hiyo ilifunguliwa na mtu aliyekuwa na nyaraka za Tanzania, akanyang'anywa pasipoti, akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, akabaki mpakani hana nchi ya kumpokea. Mahakama ilisema kuwa kwa vile Serikali ndiyo iliyokanusha uraia wa mtu mwenye nyaraka zake, ni juu ya Serikali kuthibitisha kuwa yeye si raia. Somo la kesi hiyo kwetu ni kwamba mwenye karatasi alipata pa kusimama. Asiye na karatasi angesimama wapi?

Kuna hoja ya usalama, nasi hatuipuuzi. Kijiji cha Kitaya kilishambuliwa mwezi Oktoba 2020, na watu wa mto huu wanaujua uchungu huo kuliko anayeusoma gazetini. Ni haki ya Serikali kumjua kila anayevuka, na ni haki yake kumkataa mwongo anayejipachika wazazi wasiokuwa wake. Lakini hoja hiyo inaunga mkono usajili, haiupingi. Mtoto aliyeandikwa, anayejulikana mama yake, mtaa wake na mwalimu wake, ni mtu anayeonekana. Asiyeandikwa ndiye asiyeonekana, na kijana ambaye kila mlango wa halali umefungwa mbele yake kwa kukosa namba ni rahisi kurubuniwa na mtu mwenye nia mbaya. Wanaoitakia mema nchi hii wasimwachie adui kijana wa aina hiyo.

Majirani zetu wa Kenya wametuonyesha gharama ya kuchelewa na wepesi wa kumaliza jambo pale nia inapokuwapo. Wamakonde waliotoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Kwale waliishi huko vizazi kadhaa bila ya kuwa raia wa nchi yoyote. Watoto wao na wajukuu wao walirithi hali hiyo. Mwezi Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe kabla ya mwaka kwisha. Leo wanahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa pwani ya Kenya. Kilichosubiriwa kwa miongo kilimalizwa kwa miezi. Lakini wazee waliokufa katikati hawakurudishiwa chochote: walikufa bila ardhi yenye hati na bila kupiga kura hata mara moja.

Aidha, kwa miaka kadhaa sasa nchini mwetu pamekuwa na mjadala kuhusu Watanzania walioko ughaibuni, na kuhusu kuwapa hadhi maalumu wale waliochukua uraia wa nchi nyingine. Hatuna kinyongo na mjadala huo. Tunasema tu kwamba ughaibuni si London na Marekani peke yake. Mvuvi wa Msimbati aliyezaa Palma naye ni Mtanzania aliyezaa ughaibuni, na mwanawe anastahili kufikiriwa kabla ya mjukuu wa mtu aliyeukana uraia kwa hiari yake.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Mzazi mwenye mtoto aliyezaliwa ng'ambo asisubiri shida. Akusanye sasa kila alichonacho, atoe nakala, aende ofisi ya mtendaji wa kata na kisha Uhamiaji wilayani kuuliza utaratibu, na kila anachoambiwa akiandike pamoja na tarehe. Mwenye mtoto anayekaribia miaka 18 awe wa kwanza kwenda.

Misikiti yote kutoka Mikindani hadi Kilambo iwe na daftari la ndoa na la watoto, lenye majina ya wazazi, mahali walipozaliwa na mashahidi wawili. Daftari hilo halitachukua nafasi ya cheti cha Serikali, lakini litakuwa ushahidi siku utakapohitajika. Walimu wa madrasa waandike wanafunzi wao kwa majina kamili, wala si kwa majina ya utani.

Serikali nayo ilete maofisa wa usajili na wa uhamiaji katika vijiji vya mtoni kwa pamoja, siku moja na meza moja, ili mama asizungushwe kati ya ofisi mbili zilizo mbali. Iwaeleze vijana habari za kiapo cha miaka 18 kabla ya umri huo, shuleni na misikitini. Na ikae na Msumbiji, ambayo nayo imepoteza kumbukumbu nyingi, zitafute njia ya pamoja ya kuwathibitisha watoto hawa, wa huku wajulikane kuwa ni wa huku, na wa kule wajulikane kuwa ni wa kule, asibaki mtoto katikati ya mto.

Watoto tunaowazungumza leo wana umri wa miaka saba, kumi, kumi na mitano. Miaka michache ijayo watasimama mbele ya meza na kuulizwa wao ni nani. Jibu la swali hilo linajulikana na watu walio hai hivi sasa. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wepesi wa kuliandika kabla hawajaondoka.